Ukuta Wenye Tumbo

Ukuta wa jiko la mama una tumbo. Unaanza vizuri mlangoni, ukifika katikati unafura, kisha unarudi ndani karibu na dirisha. Mama huuita mjamzito asiyejifungua.

Upande wa pili wa ukuta huo anaishi Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu. Pale kwake ni stoo ya viti vya plastiki anavyokodisha kwenye shughuli za watu. Viti vimezidi, stoo haitoshi. Basi akaitisha kikao cha familia sebuleni kwetu, akasema ukuta ni mbovu, siku moja utamwangukia mama, na dawa yake ni kuuvunja. Jiko letu liwe stoo. Mama atapika kwa mke wake. Jiko la kule ni kubwa, watasaidiana.

Mama alikuwa anakunja nguo. Hakuinua kichwa. Lakini mimi akilini nilishamwona amesimama kwenye mlango wa watu na sufuria mkononi, akisubiri moto uwe wazi ili achemshe maji yake.

"Ule ukuta hata rangi haushiki," Baba Mkubwa alisema. "Nionesheni kigae kimoja kitakachokaa pale."

"Kikikaa?" mama akauliza.

"Kikikaa nauacha. Nawapa mpaka Jumapili. Lakini shemeji, fundi gani atakubali?"

Mama akaninyooshea kidole.

"Huyu?" Baba Mkubwa alicheka mpaka akakohoa. "Bibi Kimya? Huyu akitaka maji anasubiri mvua inyeshe!"

Sebule nzima ikacheka. Mimi nikatazama vidole vya miguu yangu. Nimesomea ujenzi chuoni na cheti ninacho, ila kila ninapokwenda kuomba kazi, sauti yangu hubaki nyumbani.

Tulipobaki wawili nikamwambia, "Mama, mimi sijawahi kupiga vigae peke yangu hata kwenye ukuta ulionyooka."

"Kwani huko chuoni ulikuwa unasomea kusuka?"

Vigae vilikuwapo tayari, vikubwa, vyeupe, ambavyo mama alivinunua zamani na kuvilaza chini ya kitanda. Niligongagonga ukuta kwa ncha ya nyundo ili gundi ipate pa kushika, nikaulowesha, nikapanga safu ya kwanza. Penye tumbo kila kigae kilicheza kama kigoda kwenye sakafu mbovu: ukibonyeza huku, kule kinanyanyuka. Nikakijazia gundi nyuma, nene kama tofali. Hapo ndipo nilipokosea. Gundi nene hivyo ni nzito na haikauki upesi. Tulikuwa tunakunywa chai tuliposikia paa! Kisha paa! ya pili.

Kutoka stooni Baba Mkubwa akapaza sauti, "Bibi Kimya! Bado vingapi?"

Nikaanza kuokota vipande nikiwa nimeinama ili mama asione uso wangu. Akauona.

"Lia," alisema, "lakini huku unafagia."

Kesho yake sikugusa gundi. Nilining'iniza timazi kupima wima, nikavuta uzi kutoka mlangoni hadi dirishani, nikapima. Kutoka mlangoni mpaka katikati ukuta ulikuwa na mstari wake. Kutoka dirishani mpaka katikati ulikuwa na mstari mwingine kabisa. Mistari hiyo ilikutana penye tumbo, ikapishana kwa upana wa vidole viwili.

"Mama, huu ukuta umejengwa na watu wawili?"

Alicheka peke yake kwanza. "Baba yako alianzia mlangoni, shemeji akaanzia dirishani. Wiki ile walikuwa wamenuniana, hawasemeshani. Kila mtu akaja na uzi wake."

"Na walipokutana katikati?"

"Walikutana vibaya. Baba yako akapiga lipu nene juu yake, wakanawa mikono, wakaenda kula. Kila mtu na sahani yake."

Niligonga ukuta wote, toka pembe hadi pembe, nikiwa nimeuwekea sikio. Ulitoa sauti nzito, imara. Haukuwa na ufa hata mmoja. Ulikuwa umepinda tu, na umepinda hivyo tangu kabla sijazaliwa.

Ningeweza kuunyoosha kwa lipu, lakini dirisha lingezama na lisingefunguka tena. Ningeweza kulichonga tumbo, lakini sikutaka kumpa Baba Mkubwa furaha ya kunisikia nikiubomoa kwa mkono wangu. Nikaenda kwa rafiki niliyesoma naye, nikaazima kikatio, nikaanza kukata vigae vya mama vipande vidogo vya mraba.

"Wewe! Vigae vyangu!"

"Kikubwa hakikunji mgongo, mama. Vidogo vitapanda tumbo na kushuka nalo."

 Mama akavuta kigoda, akachukua jiwe la kunolea visu, akawa ananisugulia kingo kali. Tulifanya kazi hivyo siku zilizobaki. Nilipigilia ubao ukutani, nikausawazisha kwa pimamaji, nikapanda nao safu kwa safu, gundi nyembamba, nikijaza saruji nyeupe kwenye mianya. Mistari ilinyooka. Tumbo likabaki.

Jumapili Baba Mkubwa alikuja na mwashi mwenye nyundo kubwa begani. Alisimama mbele ya ukuta. Alibonyeza kigae kwa kiganja. Akaingiza ukucha pembeni, akavuta. Akajaribu kingine, cha chini, akavuta mpaka shingo ikatoka mishipa.

"Lakini bado una tumbo," alisema hatimaye.

"Unalo," nikajibu.

"Fundi gani anaacha tumbo kwenye ukuta?"

"Baba Mkubwa, hapo ndipo mlipokutana wewe na baba. Sikuona sababu ya kupaficha."

"Nani kakwambia maneno hayo?"

"Uzi wangu. Na upande uliopinda ni ule wa dirishani."

Mwashi alikohoa ili asicheke. Baba Mkubwa akageuka, uso umemwiva. "Hivi si vigae, ni vipande! Mimi nilisema kigae. Mwashi, piga!"

"Shemeji," mama alisema kwa utaratibu, "ulisema kimoja. Watu wote walisikia."

"Piga, nimesema!"

Sijui nani aliiamuru miguu yangu. Nilijikuta nimeegemea ukuta, mgongo kwenye vigae, mikono nimeitandaza kama ninaanikwa. Sauti ilikuwa yangu. "Hapigi mtu hapa. Hili ni jiko la mama yangu."

"Toka hapo, mtoto."

"Sitoki."

Mwashi alishusha nyundo sakafuni. Akainama kutazama pembe ya dirisha. "Dada, huku kwenye kona ulikataje bila kumegeka?"

"Polepole," nikasema, bila kusogea.

"Mzee," akamwambia Baba Mkubwa, "kazi hii mimi siiwezi. Tafuta mwingine." Akabeba nyundo yake, akaaga vizuri, akatoka.

Baba Mkubwa alibaki anatutazama, mara mama, mara mimi. Kisha akageuka kuelekea mlangoni. Mama alikuwa ameshawasha moto na kuinjika sufuria.

"Sogea mwanangu," aliniambia, "nataka kupika."

Sikusogea mpaka niliposikia mlango wa nje ukifungwa.