Hita ya Cleve

…na hita, anasema Bwana Haskell, mkaguzi wa jimbo, sasa amefika kwenye hita, na aliyemwambia habari za hita amekaa safu ya pili na mtoto mapajani, ni mimi, mimi na mdomo wangu, hita inayopasha joto ofisi ya uchaguzi ya kaunti hii, anasema, ilitengenezwa na fundi wa magari aitwaye Cleve bila malipo, na sheria ya jimbo inakataza ofisi ya uchaguzi kupokea fedha, kitu au kazi ya mtu ambayo haikulipiwa na serikali… Cleve mwenyewe yuko pale nyuma na kofia yake magotini, anatazama chini kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani, Cleve aliyelala chali sakafuni Januari ile ya baridi kali, nikampa chai akasema asante mama, mimi niliye mdogo kuliko binti yake… mbele yangu shingo ya Bi Earline, mkuu wa ofisi yetu, haitikisiki, nywele amezibana vizuri kwa ajili ya kikao hiki, leo madiwani wa kaunti wanapiga kura, ama wakubali jimbo lituletee mkuu mpya wa ofisi, lipange nani aajiriwe na fedha zitumikeje, huku kaunti ikiendelea kulipa, ama wakatae na kwenda kortini, na wakikubali Bi Earline anarudi nyumbani na sanduku la vitu vyake… akina mama wa kanisa, anasoma Bwana Haskell, waliwapikia makarani wa vituo makaroni ya jibini na mkate wa mahindi siku ya uchaguzi, na watu nyuma yangu wanacheka, mwanamke mmoja anasema, “Haya, mtukamate basi, na jibini lenyewe lilikuwa kidogo,” lakini mimi sicheki, kwa sababu na hilo nililisema mimi, nililisema kwa furaha… alikuja ofisini Jumanne, amechoka, tai yake ina doa la mchuzi, nikamwonea huruma kwa safari yote ile kutoka mji mkuu wa jimbo, Bi Earline alikuwa ameenda posta, nikamwekea kahawa, akauliza kwa upole, mnawezaje kuendesha uchaguzi wa kaunti nzima watu wawili tu, nami nikaona fahari, nikasema, lakini bwana, sisi si wawili, tuna watu, nikamhesabia mmoja mmoja, fundi, akina mama, mwalimu mstaafu anayekuja kukunja bahasha za kura za posta na hataki hata nauli, nilidhani namwonyesha jinsi tulivyo wazuri, nilidhani akirudi kwao atasema, waacheni wale… kumbe kila wema niliomtajia ulikuwa kosa, naye alikuwa anaitikia kwa kichwa, anasema endelea… Mwenyekiti wa madiwani, Purvis, anagonga meza, “Kwa hiyo, Bwana Haskell, kosa la Earline ni kwamba anapendwa?” na ukumbi unapiga makofi, Bwana Haskell anasubiri makofi yaishe, anasema taratibu, “Kosa ni kwamba hamkumpa fedha, Mwenyekiti. Bajeti yake mliikata ninyi, mkamwachia akaombe kwa majirani,” na sasa hakuna anayepiga makofi, kwa sababu ni kweli, waliikata mwaka wa mafuriko, wakasema barabara kwanza, Bi Earline akaliandikia jimbo, jimbo likajibu mambo ya bajeti ni ya kaunti… siku ile halikututaka, leo linatutaka… Boone anajigeuza mapajani, sikio lake lina joto tena, tulia baba, tulia… “Na mtoto mchanga,” anasema Bwana Haskell, Mungu wangu, na hilo pia, “mtoto wa mfanyakazi hulazwa kwenye kreti ya kubebea bahasha za kura,” na mtu anasema loo, kreti tupu, nataka kupaza sauti, ilikuwa tupu, Bi Earline aliisafisha kwa maji ya moto akaitandikia shali yake mwenyewe, siku mama mkwe alipougua na sikuwa na wa kumwachia… “Nani kakupa habari hizi?” anauliza Mwenyekiti, “Mtumishi wa ofisi,” anajibu Bwana Haskell akitazama karatasi zake, hanitazami, ananisitiri, na hilo nalo nalihesabu kuwa wema, huu ni ugonjwa gani… “Earline, ni wewe au ni huyo binti?” na Bi Earline anasema, bila kusimama, “Ofisi ni yangu, Purvis. Mtu akija kuuliza, anajibiwa. Nisingependa ajibiwe uongo,” na nyuma wananong'ona, nasikia huyo binti, huyo binti, sasa ndipo pa kusimama, simama, sema ni mimi, lakini naogopa, namkumbatia Boone nimekaa, na chini ya woga kuna kitu kingine nisichotaka kukitazama, kwamba siku ile mlangoni Bwana Haskell aliniambia jimbo likichukua ofisi wafanyakazi wadogo watabaki, na bima ya matibabu watapewa, na mimi nilifurahi… nilifurahi kabla sijamfikiria Bi Earline, nilishamwona akilini daktari akimtazama Boone sikio, na Jumatano, Alhamisi, sikumwambia Bi Earline kitu, na Ijumaa pia sikumwambia, nikala keki aliyoniletea… basi nilisema kwa fahari tu, au nilisema nikiwa tayari nataka kitu, sijui, hapana, alisema la bima baada ya mimi kusema yote, baada, lakini mbona nafarijika kuhesabu nani alitangulia… Mwenyekiti anasema kabla ya kura kuna swali jingine, Boone anaamka, anaanza kulia kidogo, udenda mpaka shingoni, sina kitambaa, na Bi Earline bila kugeuka anapeleka mkono nyuma juu ya kiti chake, leso yake nyeupe iliyokunjwa iko mkononi, ananipa, mkono uko pale unasubiri, nami siipokei, naangalia kwanza kama Bwana Haskell ameinua macho kutoka kwenye karatasi zake.