Mguu Chini ya Blanketi

Daktari Lorna Kvamme alikuwa na kiburi kimoja tu, nacho ni magoti. Miaka thelathini kwenye zahanati ya Minnesota, ambako theluji ni nusu mwaka na mpira wa kikapu ni mwaka mzima, ilimfanya aamini kwamba hakuna goti la kumdanganya.

Basi akaletewa Signe Haugen, wa miaka kumi na mmoja. Aliruka mazoezini, pia, kile kifupa cha mbele ya goti, ikalia pa! Goti likavimba kama andazi. Picha ya eksirei haikuonyesha ufa. Kikabaki kipimo kimoja: alale chali, ainue mguu ukiwa umenyooka; akiweza, pia ni nzima.

Mguu ukainuka chini ya blanketi.

"Si nilisema?" alisema baba yake, Arne, kocha wa timu. "Sisi akina Haugen hatuvunjiki. Na fainali ni Jumamosi!"

"Weka barafu. Ijumaa tutaona."

Kupitia dirisha Lorna akawaona wakipanda gari. Signe aliushika mguu kwa mikono miwili, akaupakia kama gogo. Alitoka mbio kwenye theluji bila koti.

"Arne, mrudishe ndani!"

Safari hii blanketi aliliweka kando. "Inua, Signe." Kisigino hakikubanduka kitandani.

"Mara ya kwanza uliusukuma kwa huu mguu mzima, eti?"

Signe akaitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka. "Baba alisema bila mimi timu imekufa."

"Kosa ni langu," Lorna alisema, akiirudia picha. "Pia ya mtoto ni gegedu tupu pembeni, mfupa laini ambao bado haujakomaa, na gegedu haionekani hapa. Unakiona hiki kipande, kama punje ya mchele? Nilikipuuza. Kimeng'oka na ganda lake lote. Asiposhonwa wiki hii, hatanyoosha goti sawasawa tena."

Arne akavua kofia ya timu. "Piga simu hospitali."

Fainali walifungwa vibaya. Signe alishonwa, akakaa na plasta ngumu mguuni wiki sita, kisha yeye na baba yake wakarudi kwa Lorna. Hakuna aliyetaja blanketi.

"Inua."

Arne alipiga magoti, jicho usawa wa kitanda. Kisigino kikapanda vidole viwili, kikitetemeka. Signe akauma meno apandishe zaidi.

"Inatosha, mwanangu," alisema kocha. "Shusha. Pumzika."