Unga Ulioanikwa Pamoja na Kahawa

Sperancia alikuwa amepiga magoti kitaluni, akijaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, shemeji yake Rwegoshora alipotoka ndani na mfuko wa unga mweusi. Pale Kaisho watu waliuita dawa ya miche. Haukuwa dawa. Ndani yake walikaa bakteria, viumbe wasioonekana kwa macho. Ukiwachanganya na mbegu za lusina, mti wa malisho ya mbuzi, kwa maji ya sukari, hujenga vinundu mizizini na kuulisha mche hata kwenye udongo uliochoka. Bwana Dastan wa mradi wa miti alikuwa amemfundisha Sperancia yeye mwenyewe, kwa sharti moja: wakae kivulini, kwenye unyevu. Jua likiwapiga, wamekufa.

Rwegoshora aliuminya unga, akakunja uso.

"Umeshika unyevu. Shemeji, unaacha mali ya watu ioze?"

Mtu wa kahawa huyo. Kwake kila chenye unyevu ni hasara, na tiba yake ni jua. Akaumwaga unga wote juu ya mkeka, pembeni ya kahawa iliyoanikwa, akausambaza kwa kiganja.

Sperancia alifungua mdomo. Kisha akakumbuka kikao cha ukoo. Matanga ya mumewe Projest yalikuwa hayajaisha vizuri, ndugu wakaketi sebuleni kwake, wakanywa rubisi, pombe ya ndizi aliyoikamua yeye, wakaamua kwamba mjane mwenye mabinti watupu, tena walioolewa, hana kibanja, yaani shamba la ukoo. Shamba, nyumba na kitalu vikaenda kwa Rwegoshora. Yeye akaruhusiwa kukaa mpaka msimu wa miche uishe, maana mikono yake ilikuwa bado inahitajika. Alipomlilia Bwana Dastan, alijibiwa kwa upole kwamba mambo ya ukoo mradi hauyaingilii.

Akafumba mdomo. Aliendelea kujaza viriba huku jua likipanda, na chuki ikamtulia kifuani, tamu kabisa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na yeye alikuwa tayari kuusubiri. Jioni alipoamriwa kuchanganya ule unga mkavu na mbegu, alikoroga taratibu bila kumwaga hata punje.

Siku ya ukaguzi wa mradi, majuma kadhaa baadaye, alivaa kitenge chake cha kanisani. Miche aliyoipanda kabla ya msiba ilisimama imenawiri, kijani kibichi. Ile ya unga wa mkekani ilikuwa imedumaa, majani ya njano. Sperancia alijipanga nyuma ya wanawake wenzake, akingoja aibu imshukie mwenye kitalu.

Bwana Dastan aling'oa mche wa njano. Mizizi ilikuwa mitupu, haina kinundu hata kimoja.

"Hii kaishughulikia nani?"

"Shemeji yangu yule," alisema Rwegoshora bila kugeuka. "Ile mizuri ni yangu. Mnaona sasa kwa nini ukoo haumpi mwanamke kibanja."

Watu wakacheka kidogo.

"Uliuanika unga juani," alisema Sperancia. "Kwenye mkeka wa kahawa."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Wote walimtazama, na Bwana Dastan akaangalia saa.

Picha zikapigwa, Rwegoshora amekumbatia miche mizuri ambayo sasa ilikwenda shambani kwake. Ya njano, kwa kuwa kuitupa kungeuaibisha mradi, iligawiwa kwa wajane. Jirani yake Anatolia aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akauliza mbuzi wataanza kula majani yake lini. Sperancia alishindwa kumtazama usoni.

Msimu ulikuwa umeisha. Kabla ya kuondoka alichana kiriba cha mche mmoja mzuri, akachota fumba la ule udongo hai, wenye wale bakteria, akalifunga kwenye jani la mgomba lililolowa. Alikuwa anarudi kwao Kihanga, ambako kaka zake walikwisha kumwambia kwamba binti aliyeolewa hana shamba kwa baba yake. Alipanda bodaboda, jani mapajani. Jua lilikuwa kali. Njia nzima alilikinga kwa kanga, akiutia mate udongo usikauke, na hakuwa na mahali pa kuumwaga.