Hodi ya Saa Nne

Fundi alipoingia kwenye ofisi ile ya ramani, hakumwambia mtu kwamba marehemu aliyelaza waya za jengo zima alikuwa kaka yake, tumbo moja. Begani alining'iniza mfuko wa vifaa wa marehemu. Hakuna aliyeutambua.

Kaka mtu alifukuzwa pale mwaka juzi. Kila saa nne asubuhi mtandao ulizimika, wachoraji wakabaki kukodolea macho ramani zisizofunguka. Bosi akaamua kosa ni la waya. Alimsimamisha ukumbini mbele ya wote, akasema, "Hizi si waya, ni kamba za kuanikia nguo." Barua ya kumfukuza ikabandikwa ubaoni. Miezi minane baadaye moyo wake ulisimama, akiwa bado anatafuta chanzo.

Waya zote zikang'olewa, zikawekwa mpya. Mtandao ukaendelea kuzimika.

"Dada, tuokoe," mama wa mapokezi alimwambia. "Leo saa tisa tunakabidhi ramani, na wanaozingoja hawana utani."

Fundi alifungua kompyuta yake, akawa anaipigia hodi seva, ile mashine kubwa inayotunza ramani zote. Hodi moja kila sekunde. Seva iliitika upesi, kama mwenye nyumba aliyekaa mlangoni. Ilipogonga saa nne, majibu yakaanza kuchelewa, kisha yakakatika kabisa. Waya hakuzigusa. Aliitazama taa ya diski: ilikuwa imewaka moja kwa moja, haipepesi. Kuna mtu alikuwa anaijaza diski, na katika mashine kuukuu kama ile, diski na mlango wa mtandao hupita njia moja. Diski ikielemewa, hodi zote hungoja nyuma yake.

Akafungua daftari la marehemu, ukurasa wa mwisho. Aliujua kwa moyo, ila alitaka kuusoma palepale: "Nani anaijaza diski saa nne? Nimemuuliza Bosi. Kasema nisimfundishe kazi."

Akafuatilia kwenye seva mzigo ule unakotoka: kompyuta ya Bosi. Bosi aliwahi kupoteza ramani moja, na tangu hapo hakumwamini mtu. Kila saa nne alijifungia na chai yake, akanakili ramani zote kwenye diski ya pili ya seva ile ile kwa mkono wake mwenyewe, huku akitazama mstari ukijaa kwenye kioo.

Fundi aliwaita wote ukumbini, na Bosi akaja na kompyuta yake. Fundi akaelekeza picha ya hodi zake ukutani.

"Mzee, simamisha kunakili."

Bosi alisimamisha. Hodi zikaitikwa.

"Anza tena."

Zikakatika. Alimfanya arudie mara tatu, ingawa moja ingetosha.

"Kumbe mchawi anakunywa chai humu humu," mchoraji mmoja alinong'ona, na kicheko kikapita chini kwa chini.

"Zile kamba za kuanikia nguo alizilaza kaka yangu," fundi alisema. "Alikuuliza. Ukamwambia nini?"

Bosi alilegea. "Binti, twende ofisini tuzungumze."

"Yeye ulimsema hapa. Niandikie barua, ibandikwe pale pale ubaoni. Na nakala moja ya mama yetu."

"Marehemu hasomi barua."

"Mama anasoma. Na mimi bila barua siendelei na kazi. Saa tisa haiko mbali."

Bosi aliandika. Fundi alisoma mstari wa kwanza, "Palitokea hitilafu," akaichana polepole.

"Haikutokea yenyewe. Andika nani alibonyeza, na nani aliulizwa akakataa kujibu."

Barua ya pili ilikubaliwa. Bosi akaibandika mwenyewe, pini nne, na hakuna aliyenyanyuka kumsaidia. Ndipo fundi akapanga kunakili kuanze wafanyakazi wakishaondoka, tena kwa mwendo wa taratibu. Ramani zikafunguka, zikawahi saa tisa.

Nyumbani, mama alivaa miwani, akaisoma barua mara mbili. Akaikunja, akaitia ndani ya daftari la mwanawe.

"Yule bosi alilia?"

"Hakulia, mama."

"Alisaidiwa kuibandika?"

"Hakuna aliyenyanyuka."

Mama alivuta kiti karibu. "Hebu nisimulie tena. Anzia pale aliposhika pini."