Daraja la Kwenye Ramani

Jerono wa cyber, lile duka la intaneti pale Kitale, alifungua ramani mbili kando kwa kando, akazisifu kama mtu anayeuza ng'ombe.

"Hii ya mistari, mzee, inakuambia upite wapi na utafika saa ngapi. Hii ingine ni ya picha zilizopigwa kutoka juu. Inachelewa kufunguka, lakini utaona hata mabati yako."

Sikuja kuona mabati. Mkwe wangu Eliakim alinipigia simu kutoka Bungoma, ati lori limeanguka barabara kubwa, kwa hivyo atamleta binti yangu Lorraine, na mimba yake kubwa, kwa njia ya mkato. Ati ameiprinti kwa kompyuta. Mimi nimezeekea hapa na sijui mkato wowote unaopita gari.

"Anzia Bungoma," nikamwambia Jerono.

Kwa ile ya mistari, barabara ilivuka mto chini ya shamba langu, moja kwa moja. Kwa ile ya picha, ilifika majini ikapotea, ikaanza tena ng'ambo.

"Sasa daraja liko wapi?"

"Waulize walioliandika."

Wakubwa walikuja na hema na soda, wakaweka jiwe la msingi la daraja, wakaenda. Mke wangu Wacera alifia kando ya jiwe hilo, gari la hospitali likimwangalia kutoka ng'ambo. Na sasa kompyuta nayo imewaamini.

Nilipiga simu ya Eliakim. Hapatikani. Ya Lorraine, hapatikani.

Kemboi wa bodaboda akanikimbiza na pikipiki mpaka mtoni. Maji yalikuwa juu, mekundu. Ng'ambo barabara inashuka kwa kona kali, dereva haoni mto mpaka ameingia. Jirani yetu Nasambu alikuwa analima upande ule.

"Nasambu! Weka matawi barabarani, juu ya kona!"

"Baba Lorraine, umekunywa nini mapema hivi?"

"Gari linakuja! Lorraine yuko ndani!"

Akaacha kucheka. Akakata matawi, akayatandaza vile sisi wote hufanya kukiwa na hatari mbele. Hapo ndipo nikakumbuka ni mwaka gani. Mwezi wa kwanza, baada ya kura, matawi barabarani yalikuwa ni vijana, mapanga, na kuulizwa kabila. Eliakim akiyaona, na Lorraine kando yake, si atakanyaga mafuta apite juu ya hayo matawi?

"Simama hapo katikati!" nikalia. "Wakuone wewe ni mama!"

Injini ikasikika. Nasambu akasimama na jembe lake mkononi. Nikafunga macho kama mtoto. Injini ikanguruma sana, nikangoja kusikia maji. Halafu sauti ikaanza kwenda mbali.

"Wamerudi nyuma!" Nasambu akapaza sauti. "Mbio kama wezi, bana!"

Nilikaa kwenye matope.

Jioni Lorraine akapiga simu, analia. Wamerudi Bungoma salama.

"Baba, walifunga barabara tena. Hata mwanamke alikuwa na jembe, anatungoja. Huko kwetu sirudi, hata mtoto akizaliwa."

"Lorraine, hapana daraja hapo. Yale matawi ni mimi nilisema yawekwe."

Nikasikia Eliakim akimuuliza kitu.

"Usiwatetee, baba," akasema, akakata simu.