Mgonjwa wa Kwanza wa Elikia

Jicho la kushoto la Numbi lilianza kucheza kabla ya mvua, na mvua ziliposhika kasi likawa bado linacheza. Halikuuma wala halikuwasha. Ni ile kope ya chini tu, ilijitikisa yenyewe kidogo, ikatulia, kisha ikaanza tena pale mwenyewe alipodhani imekwisha. Mtu mwingine wa mtaa wao wa Shituru angelipuuza, au angekwenda kuomba dawa yakaisha. Lakini Numbi hakuwa mtu mwingine. Numbi alikuwa baba yake Elikia.

Na Elikia, kama hukuambiwa na Numbi basi hukuwahi kupita barabara ile, alikuwa anasomea udaktari Lubumbashi. Katika nyumba zote ambazo kampuni ya shaba iliwapa wafanyakazi wake, kuanzia kiwandani mpaka relini, hakuna nyingine iliyotoa mtoto wa namna hiyo, tena binti. Numbi aliwaambia waliouliza na wasiouliza. Ukimsalimia asubuhi, alikujibu kwamba Elikia sasa anashika wagonjwa wa kweli, maprofesa wamesimama pembeni wanamtazama. Watu walimcheka, wakamwacha, maana mwaka ule wa tisini na tano hakukuwa na mengi mengine ya kujivunia.

Jicho nalo lilipata wafasiri wengi. Kwa watu wa pale, kope ya juu ikicheza utapata mgeni. Ikicheza ya chini, machozi yanakuja. Mama Orpa, shemasi wa kanisa lao na jirani wa ukuta kwa ukuta, hakutaka kusikia habari za machozi. Akamwekea Numbi mkono usoni, akayafunga machozi hayo kwa jina la Yesu. Jicho likaendelea kucheza chini ya kiganja chake.

"Iyi jicho iko na kichwa nguvu, Baba Elikia," akasema. "Enda kwa munganga."

Firmin, muuguzi wa dispansari na rafiki yake tangu ujana, naye akamwita aje amtazame bure. Numbi akakataa kabisa.

"Firmin, weye ni muntu wa kanisa," alisema. "Mahindi ya kwanza ya shamba, si unapelekaka mbele ya Mungu? Sasa mutoto yangu anakuwa munganga. Mugonjwa yake ya kwanza atakuwa nani, muntu wa njiani? Hapana. Iyi jicho ni malimbuko. Hakuna mwengine ataigusa."

Firmin akamjibu kwamba amekwisha kuona watu wakileta kuku, mihogo, hata mbuzi, lakini mtu wa kutoa ugonjwa sadaka ndiyo kwanza anamwona leo. Wakacheka wote wawili. Ila Firmin alipobaki peke yake hakucheka tena, kwa sababu alimjua Numbi na alijua analala wapi.

Maana chini ya majigambo hayo kulikuwa na jambo. Mshahara wa kampuni ulikuwa umekatika, na unga wa kila mwezi umekatika pia. Wanaume waliendelea kwenda kiwandani kwa mazoea na kwa hofu ya kunyang'anywa nyumba. Numbi alikwenda mchana kama wenzake, na jioni alikwenda mjini kulinda depo ya unga ya mfanyabiashara mmoja mpaka kunapambazuka, akitafuna makasu, zile kola chungu zinazofukuza usingizi. Alilala kati ya kazi mbili, kipande hiki na kipande kile. Hicho ndicho kilichomsomesha Elikia.

Elikia mwenyewe hakujua. Kila alipokuja likizo baba yake alimwambia kwamba mshahara unachelewa lakini unafika, na siku hizo chache alimlipa mwenzake akashike zamu. Numbi alimjua mwanawe: angesikia habari ya depo, angefunga vitabu siku hiyohiyo, akaja kuuza mboga sokoni na mama yake. Majirani walijua yote, wakanyamaza, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na siri yake ya aina hiyo.

Basi Noeli ilipokaribia, Elikia akafika juu ya lori la mahindi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Jumapili, baada ya ibada, Numbi alitoa kiti nje, akakaa na suti yake na tai, akajitoa kupimwa. Hakuwa amealika mtu. Alikuwa amewaambia tu wote saa, na uwanja ukajaa.

Elikia alinawa mikono. Akamwambia baba yake afumbe macho kwa nguvu, afumbue, atabasamu, apandishe nyusi, afuate kidole chake kulia na kushoto. Numbi alifuata nyuso za majirani kuona kama wanaona.

"Baba, angaria kidole yangu, siyo bantu."

"Naangaria, docteur."

Akamuuliza kama anaona vitu viwili viwili, kama mdomo nao unavutwa. Hapana. Kisha akamuuliza usingizi.

"Nalalaka sana," Numbi akasema. "Jua ikiingia, na minye naingia mu kitanda."

Mama Orpa akapatwa na kikohozi.

"Kahawa? Makasu?"

"Minye? Hapana hata."

"Uko na mawazo mu roho?"

"Mawazo ya nini? Kampuni inalipa."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema wakubwa. Huyu wetu maradhi aliyaweka hadharani akiwa na tai, akaficha sababu yake. Alikaa ameinua kidevu, akingoja kusikia mwanawe anavyosema Kifaransa cha hospitali.

Lakini Elikia alichuchumaa mbele ya kiti, akamshika baba yake magoti.

"Angekuwa muntu wa kuchoka, ningemwambia alale, inaisha yenyewe," alisema taratibu. "Lakini weye unalala, haukunywa kahawa, hauna mawazo, na jicho inacheza myezi yote iyi. Baba, inaweza kuwa kitu mu kichwa. Tutaenda pamoja Lubumbashi kwa munganga mukubwa wa mishipa. Masomo nitasimamisha uyu mwaka, nikulinde."

Ule uongo Numbi alioulea miezi yote ili binti asome, sasa ndio ulikuwa unamtoa darasani, tena mbele ya watu, tena kwa kinywa chake mwenyewe. Angenyamaza, angepona aibu na kupoteza daktari. Akasimama.

"Nilidanganya," akasema. "Silale. Usiku nalinda depo ya unga kule mujini. Kampuni hailipe, mutoto yangu. Ilikata zamani."

Elikia akatikisa kichwa. "Unasema vile juu nisiache masomo. Minye nakujua."

Miaka yote hakuna aliyekataa neno la Numbi kuhusu Elikia, na siku aliyosema kweli tupu, mkataaji akawa Elikia. Berthe mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaingia ndani. Akarudi na koti zito la mlinzi na rungu, akaviweka chini mbele ya binti yake.

"Ni kweli," Mama Orpa akasema. "Kila mangaribi namuona anapita."

"Angaria meno," Numbi akasema, akafungua kinywa.

Elikia akamshika taya, akamgeuza kwenye mwanga. Meno yalikuwa na rangi ya kutu, kola imekwisha kuyala rangi. Aliyatazama muda mrefu kuliko unavyohitajika kutazama meno. Machozi yakamshuka, akayafuta kwa mkono wa nguo, akaendelea kutazama.

"Bon," akasema mwishowe. "Iyi jicho haiombi munganga mwengine. Inaomba usingizi. Depo imeisha, baba. Makasu pia. Leo."

"Na masomo?"

"Kule Lubumbashi kuko clinique inatafuta banafunzi ba kukesha na bagonjwa. Inalipa. Nilikataa, juu ulisema kampuni inalipa." Akaokota lile koti, akalikunja mkononi mwake. "Usiku nipatie minye. Weye, lala."

"Elikia, minye ni baba yako."

"Na minye ni munganga yako. Ni weye ulisema mbele ya bantu yote."

Numbi akaitikia kwa kichwa, akaanza kulegeza tai. Shituru nzima ilikuwa haijawahi kuona jambo hilo.

Akaingia ndani. Alivua suti, akaitundika, akajinyoosha kitandani saa sita ya mchana, jua likiwa kichwani. Nje alimsikia Elikia akiwaambia watu washushe sauti, nao wakashusha, hata Mama Orpa. Kope ilikuwa bado inamcheza. Yeye alijaa fahari. Siku zote alikuwa amewasifia watu mambo aliyosimuliwa; leo alikuwa ameyaona. Binti alimuuliza, akalikataa neno lake mpaka apate ushahidi, akamwamuru mbele ya watu, akamtua mzigo mgongoni bila kuomba ruhusa. Alitamani kuinuka aende kwa Firmin, kisha kwenye kila nyumba mpaka relini, akawasimulie jinsi mwanawe alivyomtoa kweli kinywani. Lakini docteur alikuwa amesema alale, akalala.