Ua la Saba la Gunvor

Gunvor alikuwa na mdomo, jamani! Tangu afiwe na mumewe aliongea hata na sufuria.

Sasa, kwao, mkesha wa Midsommar, sikukuu ya siku ndefu kuliko zote katika mwaka, mwanamke asiye na mume huchuma maua ya aina saba, akiruka uzio mara saba, kimya. Akiyalalia, atamwota atakayemwoa. Akitamka neno moja tu, basi, yameharibika.

Mwaka juzi Gunvor alimsalimia ng'ombe. Mwaka jana alifika ua la sita, akamtukana mbu.

"Wewe kunyamaza?" dada yake Majken alimcheka. "Labda ufe!"

Mwaka huu alijiapiza. Alitaka kujua kama ni Torsten, mfuga nyuki, mtu wa maneno matatu kwa mwaka. Kama si yeye, aache kujisumbua kumwokea keki za stroberi.

Jioni ile jua liligoma kutua. Malisho yalimeremeta, ndege hawakujua walale saa ngapi, na Gunvor akaona raha kuyatazama bila kuyasimulia. Alikuwa na maua sita. Kwenye uzio wa saba sketi ikanasa msumarini, mguu mmoja huku, mwingine kule. Ndipo Torsten akatokea.

"Gunvor, nina neno."

Lahaula! Leo ndiyo kapata ulimi? Gunvor alipunga maua, akaonyesha mdomo. Lakini Torsten alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nimelifikiria miaka minne. Nyuki nimeshawaambia. Mimi sina mtu, wewe huna mtu. Tuoane?"

Gunvor aliitikia kwa kichwa mpaka shada likamdondoka. Torsten bado anatazama viatu.

"Kimya," akasema kwa huzuni. "Ng'ombe unawasalimia, mimi hata neno hunipi. Haya, samahani kwa usumbufu."

Akageuka aende zake. Gunvor alilitazama ua la saba, karibu kabisa na kidole chake. Akautazama mgongo ule unaoondoka.

"Mjinga wewe! Inua kichwa! Ndiyo! Nimesema ndiyo tangu nyuki wako hawajazaliwa! Na uje uninasue, nitachanika!"

Torsten alirudi mbio, akamnasua, na ndipo akayaona maua, akaelewa kimya kile. Masikio yakamwiva. Akainama, akalichuma la saba, akampa.

"La nini tena?" Gunvor alifoka huku machozi yanamtoka. "Si nimeshaongea? Yameharibika!"

"Yalalie tu," Torsten alisema. "Usije ukaota mtu mwingine."